Tumehamisha Majalada, Karani Tumemwacha

Ukihudhuria kikao chochote cha serikali hapa Dodoma siku hizi, saa moja haiishi hujasikia neno "kusomana". Mifumo isomane, yaani kompyuta za taasisi za serikali zipeane taarifa. Rais Samia ameliagiza zaidi ya mara moja, mawaziri wamelibeba, na sasa hata kwenye semina za halmashauri afisa akisimama kuchangia hulitanguliza kama salamu. Agizo lenyewe sina ugomvi nalo. Mwananchi aliyekwisha kuchukuliwa alama za vidole NIDA hana sababu ya kujazishwa upya jina la babu yake katika ofisi nyingine tatu za serikali ileile. Ugomvi wangu ni na tafsiri iliyodandia agizo hilo: kwamba taasisi ikiunganisha mifumo yake imeshapata kumbukumbu, na ikishapata kumbukumbu imeshajua kujifunza, na kwa hiyo masijala, kile chumba cha kutunzia majalada ya ofisi, na watu wake ni mabaki ya enzi za karatasi yanayosubiri kustaafu. Naona kinyume chake. Masijala ilikuwa kazi kabla ya kuwa chumba. Kazi yenyewe ilikuwa kukumbuka kwa niaba ya ofisi nzima, na tulipoingia kwenye mifumo tulihamisha karatasi, kazi tukaiacha nyuma haina mwenyewe.

Nisieleweke kwamba safari hii haikuwa na faida. Kabla ya GePG, mfumo wa malipo ya serikali, kuanza mwaka 2017, kulipia huduma ya serikali kulimaanisha stakabadhi za mkono, na fedha nyingine zililala mfukoni mwa aliyezipokea. Leo mama anayeuza nyanya Soko la Majengo anajua kontroli namba ni nini, na asipopewa anauliza. Mwaka 2019 Bunge lilipitisha Sheria ya Serikali Mtandao, na wakala uliokuwapo tangu 2012 ukawa mamlaka kamili, e-GA. Manunuzi yalitoka TANePS yakaingia NeST mwaka 2023. Malipo yanapita MUSE, madokezo yanapita Ofisi Mtandao, na tathmini ya utendaji iliyokuwa ikijazwa kwenye fomu za OPRAS kila mwaka (nyingine zikijazwa usiku mmoja kabla ya tarehe ya mwisho, tusidanganyane) imehamia PEPMIS. Anayetaka kuturudisha kule hajui anachokiomba, au alikuwa na cha kunufaika nacho.

Jambo moja huwa halitajwi. Mabadiliko haya yalikuja wakati serikali yenyewe iko njiani. Uamuzi wa kuhamia Dodoma ulipitishwa na TANU mwaka 1973, ukalala miaka zaidi ya arobaini, kisha ukaamka ghafla Julai 2016 Rais Magufuli alipoutangaza upya. Waziri Mkuu Majaliwa alihamia Septemba mwaka huohuo, ofisi za Mji wa Serikali pale Mtumba zikafunguliwa Aprili 2019, na Rais mwenyewe akahamia Oktoba. Ndani ya miaka mitatu serikali ilihama nyumba huku ikibadili namna ya kuandika. Majalada yalipakiwa malorini. Watu ni habari nyingine: kuna waliopanda basi na familia zao, walioomba kubaki Dar es Salaam kwa sababu zao, na ambao umri wa kustaafu uliwakuta katikati ya safari. Ukihesabu maboksi yaliyofika utapata jibu. Ukiuliza yaliyokuwa vichwani mwa wasiofika, hakuna rejesta yake.

Kwa aliyeanza kazi baada ya hapo, pengine inafaa nieleze masijala ilivyofanya kazi, maana naona vijana wengi wanaifahamu kama chumba chenye vumbi tu. Jalada lilikuwa la manila, uzi umepita kwenye tundu la kona, na kila barua ina namba yake ya folio, juu kulia, kwa kalamu nyekundu. Pamoja na barua kulikuwa na karatasi za madokezo, na humo ndimo ofisi ilimofikiria. Afisa mdogo anaandika: kwa mujibu wa folio 14, ombi hili tulikwisha kulikataa mwaka juzi kwa sababu hizi na hizi, nashauri tulikatae tena. Mkuu wake anajibu chini yake: sikubaliani, hali imebadilika, angalia folio 22. Sahihi, tarehe. Miaka kumi baadaye mtu aliyekuwa shule ya msingi wakati huo analifungua jalada na kuona uamuzi, sababu, aliyepinga na alichosema. Ubishi wote umo.

Na katikati ya hayo yupo karani. Barua ikiingia, yeye ndiye anayeamua iingie jalada gani, na huwezi kuamua hivyo bila kuisoma na kuielewa. Anajua kwamba barua ya mwenyekiti wa kijiji inayolalamikia mifugo kwa hakika ni barua ya mpaka, na anaiweka kwenye mpaka. Anajua suala hili na lile la idara ya jirani ni moja, anafunga majalada mawili kwa uzi mmoja na kuyapeleka pamoja. Afisa akiagiza jalada lirudishwe mezani kwake tarehe 15 mwezi wa sita, karani anaandika kwenye shajara, na tarehe 15 linatua mezani, afisa akiwa amekwisha kusahau. Mtambo wa kutafuta wa siku hizi hukuletea ulichokiuliza. Karani mzuri alikuletea usichojua kwamba unapaswa kukiuliza.

Sasa tazama dokezo la leo. Barua imeskaniwa, imepewa namba, imetumwa kwa mkurugenzi. Mkurugenzi, pengine akiwa ndani ya treni ya SGR jioni ya Ijumaa, anabonyeza na kuandika "Kwa hatua". Mkuu wa kitengo anaandika "Tafadhali shughulikia". Afisa anashughulikia, anapandisha. "Naafiki." Kazi imefungwa, imetoka kwenye orodha yake, na rangi imegeuka kijani. Kasi hii kwa karatasi isingewezekana, hilo nakubali. Lakini mlolongo mzima unaonyesha nani aligusa, lini, saa ngapi na dakika ngapi, na hauonyeshi kwa nini. Nafasi ya kuandika sababu ipo, mfumo haukumzuia mtu. Ila hakuna anayeidai, na skrini ya simu haimshawishi mtu kuandika aya tatu.

Mwaka juzi nilifuatilia katika ofisi moja ya umma, ambayo sitaitaja, sababu za mradi mdogo wa kisima kuhamishwa eneo miaka ya nyuma, kwa kuwa kijiji kilikuwa kimeomba urudishwe palepale pa awali na wafadhili wameshapatikana. Afisa aliyenipokea, kijana msikivu, akafungua mfumo. Yalikuwapo maingizo kumi na moja, na hakuna hata moja lililosema sababu. Akakuna kichwa, akatoa simu. "Shikamoo mama. Samahani kukusumbua nyumbani." Upande wa pili alikuwa aliyekuwa msimamizi wa masijala, amestaafu. Hakuhitaji hata dakika mbili. "Pale maji yana chumvi, mwanangu. Walichimba, ng'ombe wakayakataa. Ripoti niliiweka mimi mwenyewe. Tafuteni kwenye jalada la zamani, lile kabla halijapewa namba mpya." Jalada la zamani lilikuwapo, ndani ya boksi, na lilikuwa limeskaniwa kwa uaminifu mkubwa chini ya namba mpya ambayo hakuna aliyeiunganisha na ile ya kwanza. Kila kitu kilikuwa kimehifadhiwa. Kukumbuka ndiko kulikoshindikana.

Kwa kuwa tumeingia kwenye maji, mfano mzuri kuliko yote ninaoujua wa taasisi inayokumbuka uko hapahapa, kaskazini mwa jiji, kwenye bonde la Makutupora, visima vyake vikilisha sehemu kubwa ya mabomba ya Dodoma. Tangu miaka ya 1950 kina cha maji ya bonde lile kimekuwa kikipimwa na kuandikwa. Mwaka 2013 wanasayansi walichapisha uchambuzi wa kumbukumbu hizo zilizofikia miaka 55, na jibu lililotoka likashangaza wengi: bonde halijazwi kidogo kidogo na mvua za kila mwaka kama tungedhani. Linashuka taratibu kwa miaka, kisha linajazwa kwa mkupuo katika misimu michache ya mvua kubwa sana, mkubwa kuliko yote ukiwa ule wa El Niño ya 1997/98. Mtu mwenye kumbukumbu za miaka minane angesema maji yanaisha. Mwingine mwenye minane tofauti angesema hakuna shida, chimbeni tu. Wote wawili wangekuwa na takwimu sahihi na hitimisho bovu, na jiji linalokua kwa kasi hii lingepangwa juu ya hitimisho hilo.

Ninachotaka msomaji akitazame pale ni muundo wa kazi yenyewe. Miaka hiyo yote mkoloni aliondoka, wizara zilibadilishwa majina na kuunganishwa na kutenganishwa, idara zikawa mamlaka. Lakini paliendelea kuwa na mtu ambaye kazi yake ilikuwa kwenda kisimani, kushusha kipimo, kusoma na kuandika, hata katika miaka ambayo hakuna bosi aliyekuwa na haja na namba ile. Mtu huyo alipoondoka, mwingine alikuta kazi imo kwenye orodha ya majukumu yake. Kompyuta zilikuja mwishoni kabisa kusoma kilichokwisha kuandikwa. Wanaotuambia tununue mfumo ili tupate kumbukumbu wanaianza hadithi hii kwenye sura yake ya mwisho.

Upande wa pili wa Dodoma, mashariki, kuna Kongwa, na Kongwa inafundisha kinyume chake. Mwaka 1946 Waingereza walituma ujumbe chini ya John Wakefield kuchunguza uwezekano wa kulima karanga Tanganyika. Ulizunguka majuma tisa Tanganyika na nchi jirani, na maeneo mengi uliyatazama kutoka kwenye ndege. Ulirudi na mpango wa ekari zaidi ya milioni tatu. Kilichofuata kinajulikana: matrekta yaliyotumika yakafa msituni, udongo wa mfinyanzi ukakauka kiangazi ukawa kama saruji na karanga hazing'oki, mvua ikakataa. Januari 1951 mpango ulizikwa, na pauni milioni 36 hivi zikafutwa kwenye hesabu. Tumezoea kuicheka Kongwa kama kiburi cha mkoloni, na ni kweli kilikuwapo. Ila mimi naisoma zaidi kama taasisi iliyoundwa vibaya. Taarifa hazikuwa haba: kulikuwa na wataalamu, ripoti, hesabu, mitambo, na London ilikuwa ikiarifiwa. Kilichokosekana ni njia ya ujuzi wa chini kupanda juu ukiwa na nguvu ya kusimamisha jambo. Mgogo wa Kongwa alilima uwele na mtama na kuweka akiba yake kwenye ng'ombe kwa sababu alikuwa ameishi na mvua ya pale vizazi na vizazi. Ujuzi wake haukuwa na sanduku la kuwekwa kwenye fomu ya yeyote. Na hata angetokea afisa mdogo wa kuuandika, malengo ya ekari yalikuwa yamekwisha kutangazwa.

Kuna ushahidi wa tatu, nitaupita haraka. Kule Kondoa mradi wa HADO (Hifadhi Ardhi Dodoma) ulianza 1973 kwa msaada wa Sweden kupambana na mmomonyoko wa udongo, na 1979 mifugo iliondolewa kabisa kwenye vilima vya Irangi. Ardhi ilijibu, miti ikarudi, na mjadala kuhusu gharama waliyolipa wafugaji haujaisha hadi leo. Sehemu kubwa ya yaliyoandikwa kuhusu jaribio lile imeandikwa kwa Kiingereza na watafiti wa vyuo vya Sweden. Afisa wa kata anayepangiwa Kondoa leo ana intaneti ya kuyafikia. Hana wa kumwambia kwamba yapo.

Sasa hoja za upande wa pili, na ya kwanza ina uzito ambao sitaukwepa. Masijala ilikuwa pia kichaka. "Faili halionekani" ni sentensi iliyomtesa Mtanzania kwa miongo mingi, na kila mtu alijua faili huonekana baada ya soda. Karani aliyekumbuka kwa niaba ya ofisi aliweza pia kusahau kwa niaba ya mtu. Ujuzi uliokaa kichwani mwa mtu mmoja ni mamlaka, na mamlaka isiyosimamiwa huuzwa. Mifumo imevunja sehemu kubwa ya biashara hiyo, na wenzangu wanaoililia ofisi ya zamani kana kwamba ilikuwa maktaba tulivu wanasahau foleni ya nje ya dirisha. Kwa hiyo sisemi karani arudishiwe ufunguo. Nasema kazi zake mbili zitenganishwe: ile ya kushika jalada, ambayo mfumo unaifanya vizuri zaidi na bila soda, na ile ya kuunganisha, kukumbusha na kudai sababu, ambayo hakuna mfumo uliokabidhiwa. Tulipoiua ya kwanza tukadhani zote mbili ni moja.

Hoja ya pili siku hizi inaletwa na vijana wa TEHAMA, nao wanaamini kwa dhati wanachokisema: akili mnemba itasoma majalada yote na kutujibu. Itasoma, sina shaka. Ile habari ya namba ya zamani na namba mpya pengine ingeigundua kabla ya yule mama kupokea simu. Lakini inasoma kilichoandikwa. Ukiipa madokezo elfu kumi yanayosema "Naafiki", itakupa muhtasari mzuri sana wa kuafiki. Kadiri zana za kusoma zinavyokuwa kali ndivyo gharama ya kutoandika sababu inavyopanda. Kwa maana hiyo wanaoipenda akili mnemba wangekuwa wa kwanza kuidai nidhamu ya dokezo.

Dhaifu kuliko zote, nayo ndiyo inayorudiwa zaidi kwenye warsha, ni hii: tatizo ni watumishi, wanagoma kubadilika, hasa wazee, dawa ni mafunzo. Ushahidi unaotolewa huwa ni kaunta buku. Ingia zahanati, ofisi ya kata, dirisha la mapato: kompyuta ipo, mfumo umefunguliwa, na pembeni yake kuna kaunta buku lenye kava ngumu, ambamo mtumishi anaandika mambo kwa mkono. Mkaguzi wa mifumo akiliona anaandika kwenye ripoti yake "watumishi bado hawajauzoea mfumo". Mtumishi huyohuyo anatuma na kupokea fedha kwa simu, yumo kwenye makundi manane ya WhatsApp, na kikoba chake kinaendeshwa kwa simu mwanzo mwisho. Haogopi teknolojia hata kidogo. Omba ruhusa usome kilichomo kwenye kaunta buku hilo. Mzee wa Chamwino alikuja, cheti hana, ameahidi kurudi Alhamisi na barua ya mtendaji. Mashine imelala tangu Jumanne, fundi anasema kipuri hakipo. Huyu ameandikwa mara mbili, jina la pili ni la ukoo wa mama, usimfute. Hakuna hata moja kati ya hayo lenye sanduku kwenye mfumo. Mfumo una sanduku la jambo lililokamilika na la jambo lililokataliwa. Maisha ya ofisi mengi yako katikati. Kaunta buku ndiyo masijala iliyokimbilia uhamishoni, na kila siku linatuonyesha bure kabisa mahali mfumo ulipopungukiwa. Taasisi inayotaka kujifunza ingeyakusanya mara moja kwa mwaka na kuyasoma. Nasikia kuna viongozi wanaoyapiga marufuku.

Kujifunza kwa taasisi basi ni suala la muundo: nani ana jukumu gani, anapimwa kwa nini, ana muda gani, na anaweza kusema nini bila kuumia. Chukua hilo la kupimwa. PEPMIS inamtaka mtumishi aingize kazi zake na kiasi alichotekeleza. Jiulize afisa aliyetumia asubuhi nzima kumfundisha mwenzake aliyehamia juzi ameingiza nini. Kama kufundisha hakuna alama, mwalimu atakuwa mjinga wa ofisi, na aliyefungia ujuzi wake ndani atakuwa mtumishi hodari. Au chukua ripoti ya CAG, Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Kila mwaka, mwisho wa Machi, inakabidhiwa kwa Rais, Aprili inatua bungeni, na kwa wiki kadhaa nchi inazungumza. Kisha taasisi zinaingia kwenye kazi ambayo jina lake linasema yote: kufunga hoja. Hoja ya stakabadhi iliyokosekana hufungwa kwa kuileta stakabadhi. Hoja ya mkataba usiosainiwa hufungwa kwa kuusaini. Swali la kwa nini stakabadhi za aina ile hukosekana kila mwaka katika idara ile halifungwi, kwa kuwa halikuwahi kufunguliwa. Nimeona maafisa wanaojivunia hoja walizofunga mwaka jana, na zinafanana kama mapacha na za mwaka juzi.

Lililo rahisi kuliko yote, na linaloniudhi kuliko yote, ni makabidhiano. Serikali haishtukizwi na kustaafu kwa mtu. Umri wa hiari ni 55, wa lazima 60, tarehe ya kuzaliwa ya kila mtumishi imo kwenye mfumo, na mfumo humkumbusha mwajiri mapema. Tunachofanya na taarifa hiyo ni kuandaa mafao, likizo ya mwisho, na siku ya kuagana yenye keki, blanketi na hotuba. Hati ya makabidhiano huandikwa wiki ya mwisho: kompyuta moja, kiti kimoja, majalada saba, funguo. Mtu aliyekaa idara moja miaka ishirini na tano anakabidhi kiti! Ingekuwaje mwaka wake wa mwisho ukawa na kazi moja inayopimwa, ya kukaa na mrithi wake na kupitia maamuzi makubwa moja baada ya jingine: hili tulilifanya hivi, tulikosea hapa, huyu ukimwandikia hajibu mpaka umpigie, pale maji yana chumvi? Gharama yake ni mshahara ambao tungeulipa vyovyote vile. Kwa waliohamishwa ni vilevile, na mbaya zaidi, maana uhamisho huja kwa barua ya ghafla na mtu anaripoti kituo kipya ndani ya siku chache, mrithi wake akiwa bado hajateuliwa. Anayekaimu katikati yao hurithi nywila tu.

Sheria hatuhitaji mpya. Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa Na. 3 ya 2002 inamfanya mkuu wa taasisi awajibike kuona kwamba kumbukumbu za kutosha zinatengenezwa na kutunzwa. Neno "kutosha" lina nguvu likisomwa na mtu mwenye nia: dokezo lisilo na sababu halitoshi, na afisa masuuli angeweza kulirudisha chini kama anavyolirudisha lisilo na kiambatisho. Chuo cha Utumishi wa Umma bado kinafundisha utunzaji wa kumbukumbu, na kina tawi jirani kabisa, Singida. Wanaohitimu pale wanaingia kwenye ofisi ambazo zimeambiwa kazi yao imekwisha, wanapewa skana na kuelekezwa kwenye lundo. Ningependa kuona wakikaa kwenye vikao vya menejimenti, wakiwa na haki ya kusimama na kusema, mheshimiwa, jambo hili tulikwisha kuliamua mwaka 2014, na sababu zilikuwa hizi. Najua viongozi wengi hawataipenda sauti hiyo. Kiongozi mpya hupenda kuanza upya, na kumbukumbu humnyima raha hiyo. Nashuku hapo ndipo penye upinzani wa kweli wa mabadiliko, juu kuliko tulivyozoea kuutafuta.

Bajeti ijayo ikisomwa hapa jijini kutakuwa na mafungu ya mifumo, seva, vishikwambi na mkongo, na mengi nitayaunga mkono. Ila nitaanza na ikama, yaani orodha ya nafasi za watumishi: nafasi ngapi za watunza kumbukumbu zimeombwa, na wamewekwa chini ya nani. Yule mama wa masijala anaishi Kisasa, anafuga kuku wa mayai. Nilipopita kumshukuru aliniambia mwaka wa kwanza baada ya kustaafu simu zilikuwa hazikatiki, hasa Jumatatu asubuhi. Sasa zimepungua. Nikadhani wamejipanga. Akacheka, akasema hapana, waliokuwa wanajua kwamba yeye anajua nao wameanza kustaafu.